Kwa Bi Zamda, Kuhusu Kitabu cha Nane

Bi Zamda Mkumbukwa,
kitabu chako kilifika Sibu Jumanne
ndani ya begi la Azza, kimeviringwa kanga,
kinanuka pweza mkavu.
Mteja wa abaya nikamwambia arudi Alhamisi.
Nikafunga mlango nusu, nikazima cherehani,
kiyoyozi nikakiacha na kelele zake,
nikakifungua kwa mikono niliyoinawa sabuni.

Maana mimi nawe tumetoka mbali.
Kwa kitabu chako cha kwanza niliunguza wali.
Raifa kasimama nje ya mlango
kurasa tatu nzima, mkono juu ya kitasa,
hajui aliyemo ndani ni mume
au ni aliyemuua mume,
nami jikoni nimesimama naye, sufuria inafuka,
marehemu Nasibu anauliza, "Kuna nini?"
Nikamwambia, "Nyamaza, atatusikia."

Muuaji wa safari hii nimemjua ukurasa wa tisa.
Ana jino la dhahabu na anacheka peke yake.
Hata Rafikul, mpiga pasi wa duka la pili,
ambaye Kiswahili chake ni "kesho" na "bado",
nilimsimulia kwa Kiarabu chetu cha sokoni
akasema, bila kuinua pasi: ni yule wa jino.

Na mapenzi?
Zamani mwanamume wako alimpenda mtu
kwa kumbakishia kipande cha ini kwenye sahani.
Leo anampenda kwa gari jeupe.
Msichana kazimia mara sita, nimehesabu,
na kila akizimia anadakwa.
Wanabusiana kurasa nne,
muuaji yupo nyuma ya pazia na kisu chake,
anawangoja wamalize, mtu mwenye adabu zake.

Haya yote ningekusamehe.
Lakini umewaleta huku.
Nilikuandikia barua, unakumbuka?
Tuandike na sisi, nilisema,
tunaoota kwa Kiswahili na kulipa umeme kwa riali.
Nawe umetuandika.
Umenyesha mvua ya masika mwezi wa Julai.
Umewatembeza wapenzi kwa miguu, Matrah mpaka Nizwa,
wakafika chai haijapoa.
Ruwi, kwenye taa za barabarani, umesimamisha ngamia.
Nyumba zetu zote umezitandika marumaru,
hakuna hata mmoja anayedaiwa kodi.
Mama, ungeuliza.
Namba yangu ilikuwa chini ya barua,
tarakimu ya mwisho niliikoleza wino isije ikakupotea.

Nilikisukumiza chini ya mguu wa meza inayoyumba,
nikakata mikono ya abaya. Wa kushoto nikaukosea.
Usiku nikakitoa.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
yule msichana, kwa mara moja hajazimia,
anamshonea kifungo mwanamume anayemshuku,
shati lingali mwilini. Mkasi haupo.
Anainama akate uzi kwa meno,
karibu na koo lake,
na hakuna kati yao anayepumua.

Mistari mitano.
Nami sikupumua, saa saba ya usiku, peke yangu.
Nasibu nilimshonea hivyo siku ya tatu ya ndoa,
hatujajuana bado, kila mmoja anamwogopa mwenziwe.
Sijamwambia mtu.
Wewe ulijuaje?

Na mkono unaojua hivi
ulikuwa wapi kurasa mia tatu nyingine?
Ulikuwa na haraka? Una deni? Unaumwa?
Mimi pia, Idi ikikaribia, hushona mishono mirefu
nikijua mwezi wa pili itaachia,
na mwenye nguo hurudi,
huiweka tu juu ya meza, haniambii neno.

Basi nami nimekiweka hapa juu ya meza.
Utepe wa kupimia nimeutia mia mbili na kumi na moja.
Azza anakwenda tena Unguja mwezi ujao.
Nimemwambia begini aache nafasi,
unene wa vidole viwili.